Mama na Kombe wa Kubanika

Kiharusi kilimpiga mama asubuhi, akichambua mchele ukumbini kwangu Kikwajuni. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia ungo ukianguka, nikatoka, nikamkuta ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, mchele umemwagika mapajani. Alinitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa amefanya kosa gani.

Wiki tatu tulikaa naye hospitali. Tuliporudi nyumbani, mkono na mguu wake wa kulia vilikuwa havimtii tena, na maneno yalikuwa yamemkimbia. Mama yangu alikuwa msemaji. Akikaa dirishani, wapita njia walisimama kuzungumza naye, yeye ghorofa ya pili, wao chini barabarani. Sasa alifungua mdomo, akatafuta, akaufunga. Alichokipata kilikuwa neno moja tu.

"Kombe."

Alilisema siku ya pili ya kurudi nyumbani, waziwazi, nami nikimpangusa uso kwa kitambaa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amekaa kitandani, upande wa miguuni.

"Umesikia, dada?" akasema, machozi yakimlengalenga. "Mama anataka kombe."

Sote wawili tulielewa kitu kimoja. Tangu tukiwa wadogo, mtu akiugua nyumbani kwetu aliandikiwa kombe: aya za Qur'ani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikakoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa akayanywa. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akitushika vichwa tunywe, tusibakishe hata tone. Tukaona Mwenyezi Mungu amemchukulia maneno yake yote akamwachia lile lililo bora.

Mdogo wangu akaenda kwa shekhe wa msikiti wa karibu, akarudi na sahani imefunikwa kawa. Nikamwinua mama, nikamnywesha. Alikohoa kidogo kwenye funda la kwanza, hatukutia maanani. Kisha akanitazama.

"Kombe."

"Ndilo hili, mama. Kunywa."

Akatikisa kichwa. "Kombe."

"Mama, si ndilo hili?"

Akaisukuma sahani kwa mkono wa kushoto. Maji yakamwagika, shuka ikageuka manjano mpaka kwenye magoti yake.

Siku saba tulifanya hivyo. Siku ya tano shekhe alikuja mwenyewe, mtu mpole, akaandika mbele ya mama ili aone kwa macho yake. Mama alimsikiliza akisoma, akatulia kwa heshima, kisha alipomaliza akamwambia naye vilevile: "Kombe." Shekhe aliniangalia, akainua mabega kidogo, akaomba dua, akaondoka. Mdogo wangu alianza kusema labda lile neno halina maana yoyote, ni ulimi tu unajiendea. Mimi sikuamini. Mama alikuwa analia. Hakuwa mtu wa kulia.

Ijumaa ya wiki ile mama mdogo alikuja kutoka Chwaka. Ni mdogo wake mama, wamefuatana ziwa moja, na maisha yake yote hajaiacha pwani ile. Alipanda ngazi akihema, kikapu mkononi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Yu wapi ndugu yangu?"

Akaingia chumbani, akakaa kitandani, akamshika mama mkono ule usiojiweza, akaubusu. Halafu akafungua kikapu anikabidhi alivyoniletea: muhogo, ndimu na kipande cha gazeti kilichofungwa kwa ukili. Harufu ikajaa chumba. Harufu ya moshi wa makumbi, ya chumvi, na ya matope ya pwani maji yakipwa. Mama akageuza kichwa. Kwa kasi ambayo sikujua bado anayo, mkono wake wa kushoto ukalikamata lile gazeti.

"Kombe," akasema. "Kombe. Kombe."

Mama mdogo akacheka. "Enhe, kombe. Wa kubanika, kama unavyowapenda. Mlidhani ntakuja mikono mitupu?"

Mimi nilikaa chini sakafuni. Siku saba tumemnywesha zafarani mtu aliyekuwa akiomba kitoweo. Laiti angeweza kuongeza neno moja dogo, akasema "wale" au "lile", ningejua tangu siku ile ya mwanzo kama ni kombe wa baharini au kombe la shekhe. Lakini hilo neno dogo ndilo alilonyimwa.

Inanibidi nieleze kombe wale walikuwa nini kwetu. Mama na mdogo wake walikua wakienda pwani ya Chwaka siku za bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, wakitafuta kombe kwenye mchanga wa matope kwa vidole vya miguu kwanza, kisha kwa kijiko cha chuma. Waliwachemsha mpaka magamba yakafunguka, wakatoa nyama, wakaikosha maji mara tatu au nne ili mchanga uishe, wakaitunga kwenye njiti za ukuti na kuilaza juu ya uchanja, chini yake moto mdogo wa makumbi. Moto wenyewe usiwake. Ufuke tu. Kuanzia asubuhi mpaka alasiri nyama ilisinyaa, ikawa ya rangi ya ngozi ya kiatu, ngumu, tamu. Kombe mbichi haoni kesho, lakini huyu wa moshi alikaa wiki kadhaa ndani ya pakacha. Siku bahari ilipokataa, walimroweka kwenye maji ya moto, wakamtia ndani ya kisamvu au muhogo wa nazi, na chungu kizima kikapata ladha kwa kombe kumi tu.

Mimi ni mwalimu wa sayansikimu. Miaka mingi nimesimama mbele ya wasichana hapa mjini nikiwafundisha kwamba kombe, chaza na jamaa zao wana protini nzuri na mafuta kidogo, wana madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu, wana zinki inayosaidia vidonda kupona. Huwaambia pia wasizidishe wale wa kubanika, maana chumvi yao ni nyingi, na kwamba moshi ukizidi nao si mzuri. Lakini sikuyajua hayo kwa kitabu kwanza. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilipoteza damu nyingi, nikatoka hospitali viganja vyangu vyeupe kama karatasi. Mama akaja na pakacha. Kila mchana alinipikia kombe wa kubanika kwa mchicha, akanikamulia ndimu juu yake, na nikitaka chai na chakula alinipiga mkono. "Chai baadaye. Sasa kula." Baada ya miaka ndipo nikasoma chuoni kwamba ndimu husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma na chai huyazuia. Nilimpigia simu kumwambia. Akasema, "Sasa kwani ulidhani nakutania?"

Basi mchana ule ule wa Ijumaa niliingia jikoni. Tulikuwa tumeambiwa hospitali mama apewe vyakula laini tu, kwa hiyo sikuthubutu kumpa kombe mzima. Niliwaroweka, nikamwaga maji ya kwanza kupunguza chumvi, nikawachemsha sana, nikawatwanga kinuni, nikawapika na muhogo katika tui jepesi, kisha nikapitisha vyote kwenye chujio mpaka vikawa kama uji. Mama mdogo alisimama mlangoni akinitazama.

"Unamharibu kombe huyo," akasema.

"Hawezi kutafuna, mama mdogo."

"Kombe asipotafunwa atakuwa kombe gani?"

Lakini mama alikula. Vijiko vitano siku ile, vinane siku ya pili. Alifumba macho kila kijiko kilipoingia. Tangu kiharusi kimpige sikuwa nimeona uso wake umetulia namna ile. Mdogo wangu alikuja kutoka kazini akamkuta anatabasamu upande mmoja wa mdomo, akatoka nje ya chumba, nikamsikia ukumbini akipiga kwikwi. Kwa siku mbili nilijiona nimeweza.

Siku ya tatu akapaliwa. Hakikuwa kijiko kikubwa. Alikohoa, kisha kikohozi kikamkwama, midomo ikabadilika rangi, jicho la upande mzima likamtoka kwa hofu. Nilimwinamisha, nikampiga mgongo, nikapiga kelele, jirani akaja. Alipata pumzi. Jioni homa ikapanda, na kesho yake tulikuwa tumerudi wodini. Kifua kilikuwa kimeingia chakula. Muuguzi aliyetuhudumia, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alinieleza kwamba koo la mama nalo limepooza nusu. Hata kile nilichokichuja kilikuwa kinakwenda njia ya pumzi kidogo kidogo, tangu mwanzo. Hata uji. Hata maji.

"Hata yale maji ya kombe la shekhe?" nikamuuliza.

"Hata yale, dada yangu. Chochote."

Wakampitishia mpira puani. Tukafundishwa kumlisha kwa bomba la sindano: maziwa, uji mwepesi, supu iliyochujwa, vyote vikienda moja kwa moja tumboni bila kugusa ulimi. Tukarudi naye Kikwajuni.

Na mama hakuwa ameacha kusema. Asubuhi nikifungua dirisha: "Kombe." Nikimgeuza ubavu: "Kombe." Nikiinua bomba lenye maziwa aliliangalia, akaniangalia mimi, na safari hii nilijua kabisa anataka nini, na sikuweza kumpa. Nilikuwa namwelewa, na kumwelewa kukawa na uchungu kuliko kule kutokumwelewa. Nilimweleza mara nyingi. "Koo, mama. Utapaliwa. Daktari amekataza." Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa, kisha akasubiri kidogo, akaniomba tena.

Nilijaribu kumtilia supu ya kombe kwenye mpira, nikijiambia angalau mwili utaipata ile protini na kile chuma. Niliipunguza chumvi, nikaichuja kwa kitambaa. Aliisikia harufu wakati naivuta kwenye bomba. Akafungua mdomo. Supu ikapita puani, mdomo wake ukabaki wazi, ukisubiri. Sikurudia tena.

Wiki ile ile shuleni somo lilikuwa chakula cha mgonjwa. Niliandika kichwa cha habari ubaoni, nikageuka kuwakabili wanafunzi. Niliwaambia wasome wenyewe.

Mama mdogo alikuja tena akaukuta mpira. Alisubiri mpaka tulipokuwa peke yetu jikoni.

"Mnamnyima," akasema.

"Akila atakufa, mama mdogo. Nilimwona anavyokata pumzi. Wewe hukuwepo."

"Na huku anaishi? Ndugu yangu huyu anayelishwa puani kama mti unaotiliwa maji, anaishi?"

"Unataka nifanye nini? Nambie. Nambie wewe, mimi ntafanya."

Alikuwa ameleta kombe wengine, njiti sita. Aliwaweka juu ya meza, akajifunga mtandio, akaondoka kuwahi gari ya Chwaka. Nilimfuata mpaka ngazini, hakugeuka. Mdogo wangu nilipomweleza alisema tu, "Dada, wewe ndiye unayejua mambo ya chakula. Utakaloamua mimi niko nawe." Alikusudia kunifariji. Nilitamani aniamulie.

Mchana mmoja, mama amelala chali na mito mitatu mgongoni, nilichovya ncha ya kidole changu katika maji niliyowarowekea kombe, nikaipitisha juu ya ulimi wake. Tone moja. Nilijiambia mate yake mwenyewe ni mengi kuliko hilo. Akafumba macho. Akaulamba mdomo wa juu, polepole, kisha wa chini. Nilikaa nimeshika mkono wake mpaka adhana ya alasiri, nikisikiliza kila pumzi yake, nikiogopa kikohozi. Hakikuja.

Tangu siku ile hakulisema tena lile neno. Nilifungua dirisha asubuhi nikasubiri, akatazama nje tu. Nilimgeuza ubavu, kimya. Kwanza nilidhani ameridhika. Baada ya siku nne nilianza kumwomba mimi. "Sema, mama. Sema kombe." Aliniangalia kwa upole kama anavyoangaliwa mgeni. Neno la mwisho nalo lilikuwa limekwenda.

Wiki mbili baadaye kifua kikarudi, na safari hii dawa hazikufaa. Alifariki wodini, adhuhuri, mdogo wangu akimsomea Yasini na mimi nikimtilia kitambaa cha maji midomoni. Nilimuuliza yule muuguzi, kabla hatujamchukua mama, kama tone moja linaweza kumwingia mtu kifuani. Aliniuliza tone la nini. Nikasema la maji tu. Akasema wagonjwa wa namna hii hata mate yao huwaingia, nisijitese. Alinishika bega. Lakini sikuwa nimemwambia siku ngapi zilipita, wala yalikuwa maji ya nini, kwa hiyo jibu lake sikuweza kulitumia.

Tulimzika Chwaka. Hitima ilipokwisha nilibaki kwa mama mdogo siku tatu, tukiosha masufuria na kurudisha majamvi ya watu. Tulikuwa hatujasemeshana vizuri tangu siku ile ya jikoni. Siku ya pili, tukikosha sinia moja mimi huku yeye kule, akaniuliza bila kuinua macho:

"Ulimpa?"

"Nilimpa."

"Kiasi gani?"

"Tone. Kwa kidole."

"Tone tu?"

"Tone tu, mama mdogo."

Aliendelea kusugua sinia mahali palipokwisha kutakata. Nilingoja anilaumu kwa kumpa au anilaumu kwa kumnyima, na ningekubali lolote kati ya hayo mawili. Hakunipa hata moja. Alilisuuza lile sinia, akalisimamisha ukutani likauke, akaniambia nimletee jingine.