Jino la Saidi Ambalo Halikuuma

Mpaka leo nikipita ufukweni Rumonge kuna watu wananiita Mama Jino, na mimi nageuza njia haraka, lakini siwezi kuwalaumu, aibu ile niliitafuta mwenyewe kwa mikono yangu miwili.

Ilikuwa mwaka wa uhuru, watu wanashangilia bendera mpya, na mimi akili yangu yote iko kwa mudogo wangu Saidi. Alikuwa na miaka ishirini, mwili wa kubeba gunia, ila haangalii mutu machoni, ukimugusa anaruka, ukimusalimia anaweza kukujibu kesho, na kila kitu lazima akipange mustari (hata viatu vya wageni). Mama alishaanza kuugua, na mimi situlii, natembea uani huku na huku nikijiuliza, mama akiondoka, huyu atakula kwa nani?

Basi nikasikia Mama Amisa, tajiri wa kuanika ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, anatafuta mutu wa kuchagua samaki. Shida ni moja, Mama Amisa bila salamu kamili, za nyumbani, za watoto, za shamba, kazi hupati. Ndipo nikaja na akili yangu ya kijinga: nikamufunga Saidi kitambaa tayani, kama tunavyomufunga mutu wa jino, maana mutu wa jino hadaiwi salamu. Nikamwambia, "Nyamaza tu, mimi nitasema."

Na kweli, tulipofika kwake ufukweni, nilisema. Jino siku tatu, usaha, homa, hali, halali (nikiogopa, mudomo wangu hauna breki). Huruma ikamushika Mama Amisa. Akamwita muzee Juma, mung'oa meno, aliyekuwa palepale ananunua samaki, na koleo lake mufukoni! Wavuvi wakajaa kutazama. Muzee akapeleka mukono kwenye shavu, Saidi akaruka nyuma, mimi nikarukia koleo, na kufumba na kufumbua niko ndani ya beseni la ndagala, miguu juu, nguo imelowa maji ya samaki.

Saidi akafungua kitambaa. Akasema huku anatazama muchanga, "Jino haliumi. Dada Zena ndiye alisema hivyo. Na ndagala hizi zimechanganywa na za jana."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Amisa hakucheka. Alichota ndagala kutoka kwenye mukeka, akanusa, akawatazama wafanyakazi wake mumoja mumoja, nao wakainamisha vichwa.

"Utakuja kesho?" akamuuliza Saidi.

"Atakuja, mama, murakoze, asante sana, mapema kabisa, mimi nita..."

"Nimemuuliza yeye."

Tukangoja. Ee, tulingoja! Saidi alipanga samaki mustari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mimi miguu inanichemka, jibu liko tayari kinywani, nimeuma ulimi.

"Kesho," akasema. "Jua likitoka. Wasiniguse."

"Hakuna atakayekugusa," Mama Amisa akajibu, kisha akanigeukia. "Wewe rudi nyumbani ukaoge."

Nilirudi peke yangu. Njiani niliapa sitamujibia tena, na kiapo hicho kinanitesa mpaka leo, kwa sababu kungoja jibu la Saidi ni kazi nzito, na siku ile ndipo nilijua kwamba miaka ishirini yote sikuwahi kulingoja hata mara moja.