Wimbo Niliomwimbia Cherop Siku ya Msiba

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua ya rasharasha, mwanangu, tukifua nguo chini ya paa la nyumba ya walimu karibu na Silibwet, mimi na Mwalimu Naoko kutoka Japani. Naoko alikuwa amekuja kujitolea kufundisha sayansi katika shule yetu ya wasichana. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo juzi juzi tu, nikapewa darasa la Kiswahili kwa sababu walimu walikuwa wachache, na mwalimu mkuu akatupa nyumba moja tukae pamoja. Akina mama wa pale walimpa Naoko jina la Cherop, jina la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua, maana siku aliyoshuka barabarani na sanduku lake mvua ilikuwa inamwagika.

Alikuja na redio ya kaseti na kaseti nyingi alizorekodiwa na dada yake. Siku ya kufua ndiyo ilikuwa siku ya muziki. Aliweka redio dirishani, na sauti ya mwanamke ikatoka laini, kinanda nyuma yake, na gitaa la besi likitembea kama mtu asiye na haraka. Mimi nilikuwa nimezoea nyimbo za kanisani, na benga ya majirani zetu waliotoka upande wa ziwani kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya majani chai. Hiki kilikuwa kitu kingine.

"Huyu ametunga mwenyewe," Naoko aliniambia. "Maneno ni yake, kinanda ni yeye anapiga. Kwetu siku hizi wasichana wengi wanaandika mambo yao."

Alinieleza kwamba kwao miaka ile kazi zilikuwa tele, vijana wananunua magari na kwenda kutembea baharini wikendi, na nyimbo hizo zinapigwa katika kila duka. Nikamuuliza mbona basi zina huzuni hivyo. Akafikiri, suruali ikichuruzika maji mikononi mwake.

"Sijui," akasema. "Nikiwa kule zilikuwa za furaha. Zimekuwa za huzuni hapa."

Nyinyi leo mnazisikia kwenye simu mnadhani ni mpya. Juzi mjukuu wangu alikuwa jikoni, simu yake ikaanza kuimba, nikakijua kile kinanda hata kabla sauti haijaingia. Sisi tulizungusha kaseti kwa kalamu ili kuirudisha nyuma, betri zisiishe.

Kulikuwa na wimbo mmoja niliopenda kuliko yote. Niliujua mwanzo hadi mwisho, bila kujua maana ya neno hata moja. Naoko alinicheka, akasema natamka kama mtoto mwenye uji mdomoni.

Kisha katika muhula wa pili simu ikapigwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mama yake Naoko alikuwa amefariki ghafla. Hata angeondoka saa ileile, angefika kwao mazishi yamekwisha. Naoko alisikiliza, akashukuru, akarudi darasani kumaliza kipindi. Alipofika nyumbani alijifungia chumbani. Hakulia. Chakula hakukigusa. Kesho yake ikawa vivyo hivyo: anafundisha, anarudi, anafunga mlango. Redio ilikaa kimya.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwetu, Merigi. Mama yangu alikuwa anatandaza mahindi juani.

"Mama," nikasema, "nifundishe la kumwambia mtu aliyefiwa, na hapa hana mtu wake."

"Hakuna," akajibu bila kuinua kichwa. "Mimi nilipofiwa na mama, watu walisema mengi. Sikumbuki hata moja. Ninayemkumbuka ni yule aliyekuja akanikamulia ng'ombe."

Akajifuta mikono, akachukua kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kuchachusha, akampitia jirani yake Mama Esta, tukaondoka.

Naoko alitoka chumbani, akatusalimu "Chamgei" kama tulivyomfundisha, akaketi wima mithili ya mtu aliye mkutanoni. Mama Esta akaomba. Wakaimba wimbo wa kanisani kwa Kikipsigis. Naoko akainama, akashukuru kwa heshima. 

Mama akanisogelea. "Mkifua nguo huwa anaimba nini?"

"Nyimbo za kwao."

"Imba."

"Mama, wimbo ninaoujua sijui maana yake. Pengine haufai kwa msiba."

"Yeye anaijua maana. Wewe imba."

Nikaimba.  Mama Esta alidhani ni wimbo wa dini, akainamisha kichwa na kufuatisha kwa sauti ya puani. Nilipofika katikati nikamwona Naoko amefunika mdomo, mabega yanatikisika. Nikajua nimemuumiza. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki, akalia kwa sauti kama watu wanavyolia. Mama akahamia karibu naye, akamlaza kichwa begani, wala hakumwambia anyamaze.

Alipotulia alitueleza. Wimbo ule ni wa msichana anayemngoja mpenzi wake kwenye kituo cha petroli. Kijana amechelewa kwa sababu anaosha gari, na msichana amekwisha kula biskuti zote alizomnunulia. Mama yake Naoko aliuchukia. Kila ulipopigwa redioni alisimama na mwiko mkononi, akauliza: huyu msichana hana miguu? Si arudi kwao?

Nikamtafsiria mama. 

"Alisema kweli," akasema. "Hata mimi ningemwambia hivyo."

Naoko akacheka tena, na hapo ndipo akaanza kutusimulia habari za mama yake: alivyopika, alivyogombana na majirani, alivyomsindikiza uwanja wa ndege bila kulia. Tulikaa mpaka saa ya kukamua ikapita. Naye akala.

Alimaliza muda wake akarudi kwao. Tuliandikiana miaka kadhaa, kisha tukapoteana. Akiwa hai ni mzee kama mimi. Wimbo wake bado ninauimba nikiosha vyombo, na sasa maana yake naijua.

Mwanangu, iko siku mtu wako atafiwa, nawe utashika simu uandike ufute, uandike tena ufute. Iweke chini uende. Ukifika chota maji, osha sufuria, kaa. Kama kuna kitu anachokipenda, hata kikiwa cha upuuzi, hata kama wewe hukielewi, nenda nacho, mwenyewe atakueleza. Akilia usimharakishe. Muulize habari za marehemu, alipenda nini na alilalamikia nini, umwache aseme mpaka achoke.

Mungu akupe moyo wa kufika mapema kwa watu wako. Na huzuni ikibisha kwako, akuletee wa kuketi nawe. Ubarikiwe, mwanangu, wewe na nyumba yako.