Jina Ambalo Stéphanie Hakulifuta

Tarehe 15 Machi 2022, Stéphanie Kalumba, mwandishi wa programu za kompyuta wa kikundi cha maigizo cha mtaa wa Kapata, alikataa kufuta jina moja kwenye orodha ya wasomaji. Waandishi wanne wa programu katika vikundi vya sanaa vya mji wa Kolwezi, Kongo, walikuwa na sharti: kazi ya mmoja haitoki kabla wote hawajaisoma. Kisha mtaa alikoishi Bilkisi, mmoja wa wanne hao, ulibomolewa kupisha mgodi, naye akatoweka. Tangu hapo kazi zote zimekwama, na kila asubuhi skrini huandika: "Bilkisi bado anasoma."

"Mama Stéphanie, toa ile jina," alisema Stany, mwandishi wa programu wa kwaya. "Matiketi ya Pasaka tutauzisha namna gani?"

"Weye Stany, unafuta mutu angali muzima?"

"Muzima? Basi umulete."

Jumamosi Stéphanie atapanda basi kwenda mji wa Fungurume, walikokimbilia baadhi ya waliofukuzwa, kumtafuta.