Karoti za Kasha

Glasi ya maji ya bomba, Papa Cirhuza hakuinywa kabla haijatulia. Aliiweka mezani, akangoja, kisha akainamia utando wa tope ulioshuka chini. Akiuona mwekundu alisema, "Jana mvua ilikula shamba ya mutu." Mkewe Eulalie alimcheka kwa hilo miaka arobaini, naye hakuacha.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, akibeba mabomba ya kuchimbia katika bonde la Ruzizi, mahali ambapo zama za kale mto ulimwaga tope lake ziwani. Mashine ilizama ardhini ikatoa vipande vya mviringo vya udongo, ambavyo wataalamu kwa Kifaransa huviita karoti. Vilipangwa kwa mfuatano katika masanduku ya mbao, vikawekwa kwenye stoo katika mtaa wa Kasha. Papa Cirhuza akawa mlinzi wa stoo, kisha fundi wake, kisha mtu pekee aliyejua kila kipande kililala wapi. Eulalie alisema ameolewa uke wenza na udongo.

Emérence alikuwa bado mwanafunzi wa elimu ya miamba alipofunguliwa sanduku la kwanza.

"Mademoiselle, hii iko mulima," mzee alimwambia. "Lakini imelala kichwa chini."

Mvua huanza kumomonyoa kilele, akaeleza, kwa hiyo kilele ndicho hutangulia kufika deltani na kulala chini kabisa. Tumbo la mlima hufuata, likalala juu yake. Palipo na udongo laini, milima ilikuwa mifupi na mto mvivu. Palipo na kokoto, milima ilikuwa imeinuka na mto umepata nguvu za kuzikokota.

Kwa miaka kumi na miwili Emérence, sasa mwalimu chuoni, aliyasoma masanduku hayo akitafuta jibu moja: milima ya magharibi mwa Ruzizi iliinuka ghafla, au polepole? Alikuwa amefika theluthi moja tu. Sampuli za kupimwa umri zilingoja ndege ya kuzipeleka maabara za ng'ambo, na tangu vita vikaribie, uwanja wa Kavumu haukuwa tena na ndege.

Vita vilipoingia mjini, kukawa na siku chache ambazo mji haukuwa na mwenyewe. Maghala yakavunjwa. Watu wa Kasha wakakumbuka stoo yao. Tangu utotoni walisikia kwamba Papa Cirhuza analinda karoti.

Emérence alifika asubuhi, akakuta mlango umeng'olewa na vipande vimemwagwa sakafuni, vimekanyagwa, vimechanganyika. Masanduku yaliyoandikwa namba yalikuwa yanaondoka vichwani mwa watu, kuni za bure. Fanny, muuza mboga wa jirani, alisimama na beseni tupu, amefura kwa hasira.

"Papa Cirhuza, karoti iko wapi? Muliweka udongo na kufuli?"

"Haiko udongo, maman. Iko mulima."

"Mulima!" Fanny alinyoosha kidole dirishani. "Na ile pale ni nini? Mungu alituachia moja inje, weye ukaficha ingine mu nyumba?"

Watu wakacheka. Hata Papa Cirhuza alicheka kidogo, kisha akapiga magoti akaanza kuokota.

Waliokota wiki sita, yeye na Emérence tu. Udongo uliokauka miaka thelathini ulikuwa umevunjika kama mkate mkavu, na chembe hazikuonyesha tena zilitazama wapi. Bila mfuatano, hapakuwa na kabla wala baada. Lilikuwa tope la kawaida, kama la barabarani. Emérence alijua. Aliendelea kwa sababu mzee aliendelea, akipanga vijilima sakafuni na kuvivunja tena siku iliyofuata. Mara nyingine mzee alishika konzi ya mchanga, akasahau alikuwa anaipeleka wapi.

Wiki ya saba hakuja. Emérence alimkuta nyumbani kitandani, kifua kinamkoroma, akiwa na siku tatu tu za kuishi. Emérence alikuwa amembebea vifuko viwili vya kokoto. Akijua mpangilio wa hivyo viwili, alijiambia, labda ataweza kuanza upya.

"Papa, ni hizi mbili tu. Gani ilikuwa juu?"

Mzee aliingiza vidole katika kifuko kimoja, kisha kingine, akarudi kwenye cha kwanza. 

"Yote ilitoka juu, maman," alisema. "Hata ya chini."