Vifaa Alivyovichagua Wifi Yangu

Wifi yangu hakuiba vifaa vya marehemu kaka yake, wala mimi sikumuuzia. Naandika kwa sababu maneno hayo yamepanda ngazi za jengo letu mpaka ghorofa ya nne na kushuka tena yakiwa yamenenepa. Mume wangu alikuwa fundi wa meno ya bandia kwa miaka thelathini na mmoja. Aliacha droo yenye vifaa arobaini na vitatu vya kuchongea nta inayotoa umbo la meno, vyote vya chuma kisichoshika kutu. Leo mna arobaini. Vitatu vilivyotoka nilivitoa kwa mkono wangu, mchana, mlango ukiwa wazi.

Wifi yangu huyo ndiye kitinda mimba kwao, ana miaka arobaini na minane. Kwa miaka kumi na tisa alishona vifungo kwenye karakana ya sare, mpaka karakana ikafungwa, akaja kukaa kwangu. Mikono yake haijui kukaa bure. Alianza kufinyanga wanyama wadogo wa udongo kwenye meza yangu ya kulia, na watu wakamwita Bi Vidoli. Akaitikia. "Jina halichubui ngozi," alisema.

Kisha ikaja kazi. Bwana mmoja, mwalimu wa shule ya watoto wasioona, ambaye naye haoni, alisikia habari zake. Alitaka wanyama sita wa kutosha kiganjani, ili watoto wajue kwa vidole jinsi kuku alivyo, na mbuzi, na kobe. Wachongwe kwanza kwa udongo, na umbo likikubaliwa watengenezwe kwa epoksi, gundi ya kukanda inayokauka ikawa ngumu kama jiwe, kwa kuwa udongo ukianguka ndiyo basi, na watoto huangusha. Akifaulu, shule ingempa kazi kila muhula. Akishindwa, wangenunua vya plastiki dukani, na hakuna karakana inayoajiri mshona vifungo wa umri ule.

Siku hiyo ndipo nilipoiweka droo mezani.

"Chukua vyote," nikamwambia. "Kaka yako asingekunyima."

"Nikichukua vyote, wifi, nitashinda nachagua badala ya kuchonga."

Akafumba macho. Alichukua kimoja kimoja, akakipitisha kwenye tonge la udongo, kisha akaipapasa alama kwa kidole. Hiki kinakwangua, akakiweka kando. Hiki kinachimba kama kina njaa. Hiki shina lake jembamba mno, baada ya saa moja vidole vitakufa ganzi. Jirani wa ghorofa ya chini, aliyekuja kurudisha sufuria yangu, alisimama mlangoni akitazama.

"Mchagua jembe si mkulima, Bi Vidoli!"

"Kweli, dada. Ila wewe ukikosea jembe, mahindi yanabaki mahindi. Mimi nikikosea hapa, kuku wangu anakuwa bata."

Alibakiza vitatu: kimoja chenye ncha bapa kama jani, kimoja chenye gololi ndogo nchani kwa matundu ya macho, na sindano butu ya kuchorea manyoya. Vingine viwili alitengeneza mwenyewe. Kitanzi cha waya wa gitaa alikifunga kwenye penseli, cha kukomba udongo uliozidi. Sindano ya kufumia aliivisha kipande cha mpira wa baiskeli, ya kulainisha. Mimi nilisikitika kuona seti inavunjwa, maana mume wangu aliipanga kwa namba. Nikaifunga droo.

Kuku wa udongo alikubaliwa. Shida ilianza kwenye epoksi. Ile huja vipande viwili, unavikanda pamoja mpaka rangi iwe moja, na baada ya saa moja haikusikilizi tena. Tena hunata. Kwenye udongo alikuwa akichovya chuma majini, lakini epoksi iling'ang'ania kila kifaa na kunyanyuka nacho.

Hapa pana jambo linalonigharimu kuliandika. Nilimletea kopo langu la mafuta ya kujipaka nikamwambia apake vifaa. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma, naye akatii. Epoksi ikaacha kunata, kuku akatoka laini, nikajisifu kimoyomoyo.

Mwalimu alikuja kumkagua kuku huyo. Jirani naye alikuwapo, kama kawaida yake. Mwalimu alipapasa kifua, akapapasa bawa, akafika mdomoni. Mdomo ukamng'okea mkononi. Kisha bawa.

"Huyu kuku wenu," alisema taratibu, "amenyonyoka kabla ya kuchinjwa."

Mafuta yale yalikuwa yameingia katikati ya tabaka na tabaka, kwa hiyo la juu halikushika la chini. Mwalimu hakukasirika. Alisema muhula unafunguliwa baada ya siku kumi na mbili, na wenzake shuleni tangu mwanzo walitaka plastiki. Jioni ile ile jengo zima lilijua kwamba vifaa vya maiti vimemkataa Bi Vidoli.

Nilitaka kumfuata mwalimu nimweleze kosa ni langu. Wifi akanizuia.

"Ukimwambia, atatuonea huruma. Huruma haishiki mdomo wa kuku."

Akamvunja kuku yule, akaanza upya. Vile vyuma vitatu alivisugua kwa msasa laini kabisa mpaka vikang'aa kama kioo, kwa sababu aligundua epoksi hunata zaidi penye mikwaruzo. Vile viwili alivyotengeneza mwenyewe vikabaki kwa udongo tu. Kwenye epoksi alitumia tone la maji, akifuta chuma kwa kitambaa kila baada ya mpapaso mmoja au miwili. Alikanda kidogo kidogo, kiasi cha punje ya harage. Kabla ya kuongeza tabaka, aliacha la chini likauke, akalikwaruza kwa msasa ili la juu lipate pa kushika. Kopo langu alilirudisha chumbani kwangu. Mbuzi alimfanya mara tatu kwa ajili ya pembe. Siku ya kumi na moja, wanyama sita walikuwa wamesimama kwenye sinia.

Mwalimu alipokuja, jirani hakukosa. Kuku alikuwa wa kwanza. Mwalimu akaushika mdomo akauvuta. Akauvuta kwa nguvu zaidi, mpaka mishipa ikamtoka mkononi.

"Na bawa, mwalimu," wifi akasema. "Usiliogope."

Alivuta bawa. Alipapasa manyoya polepole, akarudi kifuani, akacheka. "Huyu akinidonoa nitakushtaki." Kisha akampapasa mbuzi, na kobe, na wengine, akaagiza wanyama wengine sita kwa muhula unaofuata.

Nilimweleza habari ya mafuta hapo hapo, mbele ya jirani, kwa sababu katika nyumba hii mtu hubeba kosa lake mwenyewe. Wifi alinikata jicho, lakini nilimaliza.

Nasikia sasa watu wanauliza kwa nini mwalimu yule bado huja kwetu kila wiki hata pasipokuwa na mnyama wa kukagua, na kwa nini wifi hubadilisha kanga kabla hajafika. Hilo halihusu vifaa. Sina la kusema, na anayeniuliza ngazini asitegemee nitasimama.