Simu ya Dereva Ilibaki Saa Nane

Saa nne asubuhi, simu mbili zimelala juu ya meza katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Moja ni ya fundi kompyuta wa kituo hiki cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Nyingine, yenye kioo kilichopasuka, ni ya mzee aliyelazwa wodini, dereva mstaafu wa lori.

Fundi, mwanamke ambaye manesi humwita Mama Kalenda, anabonyeza kitufe. Miadi ya majaribio inahama kutoka saa nane mchana kwenda saa mbili asubuhi. Kwenye simu yake inahama papo hapo. Kwenye simu ya mzee, saa nane imeng'ang'ania palepale kama kupe.

"Mungu wangu," anasema. "Ni mimi."

Mashine moja ilipoharibika, wagonjwa walilazimika kugawana zilizobaki. Fundi aliandika programu ndogo ya kuhamisha miadi yao kwenye kalenda ya kituo, ili manesi wapate kupumua. Aliijaribu kwa simu yake mwenyewe, ikaenda bila kukwaruza. Lakini simu yake imo ndani ya mfumo wa kituo, huona kila badiliko. Simu za wagonjwa ziko nje. Hazibadiliki mpaka zitumiwe taarifa, na programu haikuwa imeagizwa kuituma.

Mara mbili dereva alifika saa nane, akakuta zamu yake ilishapita asubuhi na mashine zote zina watu.

"Mzee, ukitumiwa ujumbe uwe unasoma," nesi wa mapokezi alimwambia.

Mzee aliomba radhi, akarudi nyumbani na miguu yake iliyovimba. Mara ya tatu aliletwa amebebwa, hana fahamu. Mpaka leo hajafumbua macho.

"Tulisema wagonjwa ni wazembe," anasema fundi. "Na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi."

Aliyekataa ni binti wa mzee. Jana aliileta simu hii, akaiweka mezani kwa kishindo. "Dada, baba yangu husoma mpaka matangazo ya magodoro. Ataachaje kusoma ujumbe wa uhai wake?"

Dawa ya kosa hili ni mstari mmoja tu wa programu: agizo la kuwatumia wagonjwa taarifa. Fundi anauandika, anaufuta, anauandika tena. Anabonyeza.

Simu iliyopasuka inatetemeka juu ya meza. *Miadi yako imebadilishwa.*

Mlangoni, nesi wa mapokezi anajishika mdomo. "Nami nikamfokea mzee wa watu!"

Fundi anampigia binti. "Mdogo wangu, baba hakukosea. Kosa ni langu."

"Usiniambie mimi," binti anajibu. "Alikuwa anajilaumu, anasema uzee umemla akili. Kamwambie mwenyewe."

"Hatanisikia."

"Kamwambie hivyo hivyo."

Kuanzia leo, kila badiliko litajaribiwa kwanza kwa simu ya nje, na wagonjwa wa kesho watapigiwa mmoja mmoja, wasikie sauti ya mtu. Hayo fundi ameshapanga na manesi. Sasa anaichukua simu ya mzee, anaifuta vumbi kwa kiganja, anaelekea wodini. Tumaini lake ni kwamba mzee ataamka, amgombeze.

"Anigombeze mpaka achoke," anasema. "Sitajibu neno."