Kundi la Ng'ombe Lililokuwa Liège

Zamani mtu akikupa ng'ombe alikuwa amekufunga kwake mpaka kaburini, wewe na watoto wako. Leo mtu anapewa mali asubuhi, na kabla jua halijazama ameshauliza ataiuza wapi.

Papa Marcellin Zagabe wa Muhumba, mtaa wa Bukavu, alikuwa mtu wa zamani. Alizaliwa huko Walungu, akakaa shuleni miaka michache, na yaliyobaki akajisomea mwenyewe katika magazeti ya Kifaransa ambayo padri mhasibu wa parokia alikuwa akiyatupa. Ndiyo yaliyomfundisha mambo ya soko la hisa, yeye mtunza ghala ambaye hakuwahi kukanyaga Ulaya.

Watu wenye bunduki walipopita Walungu kwa mara nyingine, katika kundi aliloachiwa na baba yake walibaki ng'ombe wanne. Marcellin aliwauza. Ukoo wake ulimsema sana. Fedha akampa mtoto wake wa kwanza, Carine, aliyekuwa anakwenda Liège, Ubelgiji, kufanya kazi ya uuguzi, akamwambia:

"Kule mutu anaweza kununua kipande cha kampuni. Uninunulie kwa kampuni nne. Ile tu yenye kila mwaka inaongeza gawio. Ng'ombe yenye maziwa haiongezeke, sitaki."

Carine alicheka, lakini alinunua: hisa za kampuni ya pombe, za kampuni ya maji, za kampuni ya mabasi na za kampuni ya dawa. Marcellin akazipa majina ya ng'ombe wake waliouzwa. Kampuni ya pombe akaiita Mwekundu, ya maji Pembe, ya mabasi Shingo, na ya dawa akaiita Paji, jina la ng'ombe jike aliyekuwa na doa jeupe kwenye paji la uso, aliyempenda kuliko wote. Gawio la kila mwaka aliliita maziwa. Sehemu alitumiwa kwa simu, akamnunulia mke wake, Maman Godelive, dawa za presha. Iliyobaki Carine aliinunulia hisa nyingine katika kampuni zile zile. Na hisa ikifikia bei mara mbili ya ile iliyonunuliwa, Marcellin alisema imezaa.

Hakuandika mahali popote. Mchungaji haandiki ng'ombe wake. Kila Jumamosi Carine alipiga simu, akasoma bei nne, na baba yake akazipima kichwani na bei za kwanza. Mwekundu alizaa baada ya miaka saba. Pembe alichelewa, akazaa. Shingo, mwaka wa korona, kampuni yake ilikata gawio. Marcellin alisema amekauka, akaagiza auzwe wiki ile ile, bila huruma. Akabaki Paji. Alinunuliwa kwa euro arobaini, naye akapanda mpaka sabini na tisa, akarudi sitini, akapanda tena. Miaka ilipita hivyo.

Jirani yake Télesphore, dereva mzee wa malori asiye na lori tena, alikuwa akimchokoza kwenye ukuta uliotenganisha nyua zao.

"Zagabe, ng'ombe zako za Bulaya zinakulaka nini?"

"Hazikule kitu. Wenye kutumika kwa hizo kampuni ndio wanakula kidogo."

"Na mavi yake? Maana bibi yako iko na bustani."

"Mavi wanatutumia huku," alijibu Marcellin. "Angalia tu magari ya kuzeeka kwa barabara."

Walicheka, lakini Marcellin alikuwa na jambo ambalo hakulitania. Watoto wake wawili walikuwa hawasemezani. Mama yao alipofanyiwa upasuaji, Carine na mdogo wake Hugues, aliyekuwa na kazi Nairobi, walitupiana maneno juu ya nani alitoa na nani alikwepa; tangu hapo kila mmoja alikuwa akiuliza habari za mwenzake kupitia kwa mama. Marcellin alijua dawa moja tu ya ugonjwa huo. Baba yake aliwahi kuwapa ndugu wawili waliogombana ng'ombe mmoja. Iliwabidi wakutane kila siku kugawana maziwa, na kwa kukutana wakapatana. Aliyeuza ng'ombe wa namna hiyo bila kumwambia aliyempa alikuwa amejitoa mwenyewe katika watu. Kwa hiyo Marcellin aliapa: siku Paji atakapozaa, atawapa kundi lote wote wawili, lisilogawanyika, na maziwa yatawalazimisha kuzungumza.

Mji ulichukuliwa na waasi Februari. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, watu wakajifunza kutembea wakiangalia chini. Jumamosi moja ya mwezi wa saba simu ya Carine ilisema: Paji, themanini na moja.

Marcellin aliipima kichwani na arobaini ya kwanza.

"Basi mukuje," alisema. "Wewe na Hugues."

"Papa, utupatie kwa telefone. Iko pa jina yangu, naandika tu jina ya Hugues kando."

"Ng'ombe haitolewe kwa telefone."

"Papa, unajua Bukavu iko namna gani sasa?"

"Niko ndani yake," alisema Marcellin.

Godelive alimgombeza jioni nzima. Alimwambia anawaita watoto wake kwenye midomo ya bunduki kwa sababu ya namba. Na walikuja. Walishuka kwa ndege Kigali, wakachukua gari mpaka mpakani, wakavuka daraja la mto Ruzizi kwa miguu, Carine mbele, Hugues nyuma, kama watu waliokutana njiani.

Siku iliyofuata Marcellin alivaa koti lake la misa. Alikuwa ametafuta mashanza, maziwa ya mgando, kwa mwanamke anayeyatoa Walungu kwa pikipiki, akayatia kwenye kibuyu cha baba yake. Télesphore aliitwa awe shahidi. Watoto walikaa kwenye viti viwili, pembe mbili za chumba.

"Kaeni chini," alisema Marcellin. "Mwenye kupokea anakaaka chini."

Hugues aliangalia suruali yake, kisha akakaa. Carine naye akakaa.

Marcellin alisema maneno aliyoyasikia kwa baba yake, akibadilisha yaliyopaswa kubadilishwa. Alimtaja Mwekundu na uzao wake, Pembe na uzao wake, Paji na uzao wake. Alisema maziwa yataendelea kuongezeka kila mwaka, wayagawane kwa mikono yao, na yeye na mama yao wasisahauliwe kikombe chao.

Hugues aliinua kichwa. "Papa, tukikunywa hii, inakuwa yetu?"

"Inakuwa yenu."

"Yetu kabisa?"

"Ng'ombe haitolewe nusu."

Hapo Carine alimtazama mdogo wake usoni, kwa mara ya kwanza tangu wafike. Wakanywa. Télesphore akanywa baada yao, akafuta mdomo, akasema mashanza ni mazuri lakini angependa na yeye aonyeshwe walau mkia wa huyo Paji.

Usiku ule watoto walikaa barazani wakiongea kwa sauti ya chini. Marcellin, kitandani, alisikiliza mlio wa sauti zao bila maneno, akafurahi.

"Unasikia?" alimwambia mkewe. "Wanaongea."

"Nasikia," alisema Godelive. "Miye haijanipendeza vile waliangaliana."

Miaka zaidi ya ishirini hakuna mtoto aliyeligusa kundi lile, ingawa lilikuwa kwa jina la Carine na lingeweza kuuzwa kwa kidole. Halikuguswa kwa sababu lilikuwa la Papa. Marcellin hakuliona hilo. Kwake yeye kupewa ni kufungwa. Kwao kupewa kulikuwa ni kufunguliwa.

Carine alipiga simu juma lililofuata, na haikuwa Jumamosi.

"Papa, tuliuza."

"Gani?"

"Yote."

Alimweleza kwa upole, kama anavyowaeleza wagonjwa. Hugues alikuwa na deni la kiwanja. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka kukodi nyumba. Na Bukavu hakuna anayejua kesho.

"Mulikunywa," alisema Marcellin.

"Ulisema ni yetu kabisa, Papa."

Walituma fungu la wazazi kwa simu. Marcellin alikataa kwenda kulichukua kwa wakala. Godelive alikwenda mwenyewe, akanunua dawa, na dawa zile zilipokwisha hakukuwa na maziwa mengine ya kuzifuata. Carine hakuwa na bei za kusoma tena Jumamosi, na mtu asiye na cha kusema hupiga simu mara chache, kisha hapigi. Na Godelive, aliyezoea kuulizwa na huyu habari za yule, alikuja kugundua kwamba wale wawili wameacha tena kusemezana. Walichokuwa nacho pamoja kilikuwa kimeliwa.

Télesphore alikuja ukutani siku moja na utani wake, akauona uso wa mwenzake, akauliza tu kama ana chumvi.

Mara ya mwisho Marcellin kuwaona watoto wake ilikuwa mpakani Ruzizi, asubuhi ya kuondoka kwao. Aliwasindikiza kwa teksi, akaishia pale ambapo asiye na karatasi husimamishwa. Walivuka daraja na mabegi yao, wakangojea gari ng'ambo, mahali ambapo simu hushika vizuri mtandao wa upande ule. Carine alitoa simu yake. Hugues aliinama begani kwake, wakaiangalia pamoja, na Carine akagusa kioo mara kadhaa. Wakangoja. Kisha Hugues akamkumbatia dada yake, akamwinua mpaka viatu vyake vikaachana na ardhi, na wote wawili wakacheka kama walivyokuwa wakicheka utotoni. Marcellin alisimama upande wake wa mto amevua kofia, akamshukuru Mungu kwa sauti, mpaka askari akamwambia, muzee, sogea, unazuia watu.